Pugu, kituo kidogo kabla ya Dar es Salaam



Juma lililopita, mkutano wetu ulipokwisha na tukawa tunagawana sabuni, mama mmoja aliyerudi kutoka Kariakoo alituonyesha kwa simu picha za gari la moshi jipya la Tanzania, lile linalokwenda kwa umeme. Alikuwa ametoka Kigoma kwa basi mpaka Dodoma, na kutoka Dodoma akalipanda hilo. Tulitazama picha moja moja, tukasifu viti, tukasifu usafi. Kisha akataja kituo cha mwisho alichopita kabla ya kuingia mjini: Pugu. Nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka kunitazama. Niliahidi kueleza kicheko changu katika ukurasa huu, na ahadi ni deni.

Nyumbani kwetu Pugu halikuwa jina la mahali tu. Mtoto akitoa chungu motoni kabla maharagwe hayajaiva, mama yangu alimwambia: "Umeshuka Pugu." Binti akitaka kuolewa kabla hajamaliza shule, aliambiwa: "Mwanangu, hapa bado ni Pugu." Sisi watoto tulidhani ni methali ya watu wote. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua kwamba ni ya nyumba yetu tu, na kwamba mama aliilipia kwa machozi.

Ilikuwa 1988. Wamama 12 wa mtaa wetu hapa Uvira walikuwa na likelemba yao, kama sisi leo. Mwaka ule waliamua kwamba badala ya kumpa kila mmoja zamu yake, wakusanye pesa zote pamoja, wawatume wawili Dar es Salaam kuleta kanga, sahani na mabeseni. Walimchagua mama yangu na jirani yetu. Pesa zote alifungiwa mama kiunoni, chini ya kikwembe, kwa sababu alijulikana kwa kutopoteza kitu. Mgongoni alimbeba mdogo wangu, ambaye alikuwa bado ananyonya.

Walipanda meli Kalundu hadi Kigoma, wakangoja siku mbili, wakapanda gari la moshi daraja la tatu. Walilala njiani usiku wa kwanza, wakalala usiku wa pili. Kabla ya mapambazuko ya siku ya tatu gari likasimama. Watu wakaanza kunyoosha miguu, mwanaume mmoja akachukua kikapu chake akasema, "Haya, tumefika." Kumbe yeye alikuwa amefika kwake. Mama akamwambia jirani abaki na mafurushi, yeye ashuke upesi akatafute kijana wa kubeba mizigo kabla wengine hawajawachukua wote. Akashuka. Alipokuwa anatazama huku na huku akitafuta huo mji mkubwa wa kusifiwa, akaona miti, akaona taa moja, na nyuma yake gari likaondoka.

Alikimbia. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na pesa za watu 12 kiunoni anakimbia vibaya sana, mwenyewe alikuwa akituigiza. Alipochoka akarudi kwenye taa. Palikuwa na mama mmoja anawasha moto wa chai.

"Dada, hapa ni Dar es Salaam?"

"Hapa Pugu, mama. Dar bado iko mbele."

Mama akakaa chini akalia. Yule mwenye chai hakuuliza mengi. Alimpa mtoto uji, akamkatalia mama kulipa, na alipoona mkono wake unakwenda kiunoni kila mara akamwambia polepole: "Acha kujishika hapo. Unawaonyesha watu pesa zilipo." Kulipokucha alimwachia dada yake biashara, akampandisha mama basi, akamfikisha mpaka stesheni kubwa ya mjini. Jirani yetu alikuwa pale, amekaa juu ya mafurushi, macho yamemvimba. Walikumbatiana. Hapo ungedhani hadithi imekwisha, lakini nitairudia, maana sehemu yake ngumu ilikuja hapa Uvira, si kule.

Kwanza niwaambie kituo chenyewe ni kitu gani, kwa sababu nimekwenda kukiona mara mbili tangu wakati ule, na nimeuliza na kusoma.

Pugu iko kusini-magharibi ya Dar es Salaam, kiasi cha kilometa 20 hivi kutoka baharini. Ni pale ambapo nchi tambarare ya pwani inaanza kupanda vilima. Pana msitu, pana udongo mweupe laini unaochimbwa, ule wa kutengenezea vyombo vya kaure. Reli ilianza kujengwa bandarini na Wajerumani mwezi wa pili wa 1905. Mwaka huohuo, kusini ya nchi, watu walisimama kupigana nao katika vita vya Maji Maji. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwezi wa pili wa 1914. Ni zaidi ya kilometa 1200, yenye upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma. Miezi sita baada ya kufika ziwani, vita kuu ya kwanza ikaanza.

Wengine huuliza: kwa nini gari lisimame gizani mahali pasipo na mji? Jibu ni rahisi. Njia ni moja. Gari linalotoka bara na lile linalotoka pwani haliwezi kupita moja juu ya jingine; lazima moja liingie pembeni lingoje mpaka mwenzake apite. Hapo pembeni hujengwa kibanda cha msimamizi, huja mtu wa kuuza chai, huja mwingine na ndizi, watoto huzaliwa, na baada ya miaka kuna mtaa. Leo sehemu ile inaitwa Pugu Stesheni. Kituo ndicho kilichowapa watu jina la makao yao. Kwa hiyo mama hakushushwa na uzembe wake peke yake. Alishushwa pia na njia kuwa moja. Alipenda sana maelezo haya nilipomletea, akayarudia kwa kila mgeni.

Mambo mengi ya kwetu yamepita mbele ya kibanda kile. Chukua ile meli ya ziwa letu, Liemba. Ilijengwa 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande ikatiwa katika masanduku kama 5000. Masanduku yalikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka pale yakapanda reli kuelekea Kigoma, ambako meli iliunganishwa tena na kuingizwa majini 1915, ikiitwa Graf von Goetzen. Kila sanduku lilipita Pugu. Mwezi wa saba wa 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe. Waingereza waliitoa majini 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Wazee wetu waliopanda chombo hicho na bilauri zao na kuku wao hawakujua kwamba kilikwisha kusafiri kwa gari la moshi kabla yao.

Mwaka ule wa 1916 askari wa Kongo, chini ya Wabeleji, waliingia Kigoma na kufika Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa. Wapagazi walikufa njiani wengi, na wake wa askari walifuata nyuma na vyungu vyao. Vitabu vya vita vinawataja majenerali, wamama hao hawatajwi kwa majina. Vita vilipokwisha Waingereza walibaki na nchi, lakini Wabeleji walitaka njia ya bahari kwa mizigo ya Kongo. Mwezi wa tatu wa 1921 walipatana: Wabeleji wakapewa sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Ndiyo, franka moja. Mimi hulipa zaidi ya hiyo kwa kuweka meza yangu sokoni siku moja. Tangu hapo mizigo ya upande wetu wa Kongo imekuwa ikivuka ziwa na kupita Pugu, kwenda na kurudi, na bado inapita.

Kuna mtu mwingine aliyejulikana Pugu. Baada ya masomo yake Edinburgh, Julius Nyerere alifundisha katika shule ya St. Francis pale Pugu. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 mwezi wa saba 1954 yeye akiwa bado mwalimu huko, na husimuliwa kwamba alikuwa akienda mikutanoni mjini kwa miguu. Mwezi wa tatu wa 1955 aliacha kazi ya ualimu ili afanye ya chama. Watu husifu uamuzi huo, na ni haki. Mimi huwaza juu ya Mama Maria, mke wake, aliyeolewa 1953 na mara mshahara wa mwalimu ukakatika. Aliendesha duka dogo mjini. Mwanamke yeyote anayesoma ukurasa huu anaweza kuhesabu bila kalamu duka lile lilikuwa na maana gani katika nyumba ile.

Kwa miaka mingi Pugu ilijulikana mjini kwa jambo jingine kabisa: ng'ombe. Mnada mkubwa wa mifugo uko kule, na wanyama kutoka mikoa ya bara waliletwa kwa mabehewa. Ukikaa kituoni upande wa upepo utajua tu.

Lakini kwa mtu wa Pugu aliyefanya kazi mjini, gari la moshi lilikuwa kitu cha kutazama linavyopita. Lilikuwa la wasafiri wa mbali. Yeye alipanda daladala, yale mabasi madogo, akasimama kwenye foleni ya magari asubuhi na jioni. Watoto wa shule ndio walioteseka kuliko wote. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo, basi kondakta humsukuma nje apate nafasi ya mtu mzima. Mara ya kwanza nilipotembelea Dar es Salaam niliwaona watoto wenye sare wamesimama barabarani, mabasi matatu yanawapita, na saa ya darasa inapita pia.

Ndipo mwezi wa kumi wa 2012 serikali ya kule ilianzisha magari ya moshi ya kubeba watu ndani ya mji, kwa njia zilezile za zamani. Moja lilitoka Stesheni kwenda Ubungo, jingine lilitumia reli ya TAZARA. Waziri wa uchukuzi wakati ule alikuwa Harrison Mwakyembe, na watu wakaliita moja kwa moja treni ya Mwakyembe. Mabehewa hayakuwa mapya, yalitengenezwa upya. Watu walijazana mpaka milangoni. Mwaka 2016 huduma hiyo ikafika Pugu, na kituo ambacho gari lilisimama kwa ajili ya kungoja gari jingine kikawa kituo cha watu kwenda kazini na kurudi.

Mara yangu ya pili nilifika pale asubuhi hiyo ya mapema ambayo mama alipotea nayo. Nilikuta wamama wengi kuliko wanaume. Mmoja ana ndoo ya maandazi, mwingine ana mafungu ya mchicha, mwingine amevaa sare ya kazi ya usafi na viatu vizuri vimefungwa ndani ya mfuko. Wanafunzi walipanda pamoja na wakubwa bila mtu kuwasukuma. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba faida aliyoipata si nauli tu. Zamani, basi lilipochelewa, alifika nyumbani watoto wamelala. Sasa huwakuta macho, anaona daftari zao. Nilimuuliza kama amewahi kusikia juu ya mama wa Kongo aliyeshuka hapa kimakosa 1988. Alicheka sana. Alisema wanaoshuka kimakosa ni wengi, ila huwa hawarudi kuuliza.

Sikumpata yule wa chai. Mama alilijua uso wake, jina lake hakuliuliza katika kulia kule, na hilo lilimuumiza mpaka kufa.

Sasa hayo ya picha za simu. Jiwe la msingi la reli mpya liliwekwa Pugu penyewe, tarehe 12 mwezi wa nne 2017, na Rais Magufuli. Reli hii ni pana, milimeta 1435, na injini zake huvutwa kwa umeme. Mwezi wa sita wa 2024 ilianza kubeba abiria hadi Morogoro, mwezi uliofuata hadi Dodoma. Pugu imepewa kituo chake kwenye njia hiyo pia.

Mwenzetu aliyesafiri alilisifu sana, naye ana haki: safari ya kuvunja mgongo imekuwa ya saa chache. Ila nilimuuliza, ulinunua nini dirishani? Akanyamaza kidogo. Madirisha hayafunguki. Katika gari la zamani kila kituo kilikuwa soko: unanyoosha mkono unapata yai, mahindi, asali ya Tabora. Mtu anayekaa ndani hupoteza kidogo. Anayesimama nje na beseni lake kichwani hupoteza chakula cha siku. Sisemi reli mpya ni mbaya. Nasema hili kwa sababu kuna mpango wa kuivuta reli hiyo kutoka Uvinza hadi Burundi na kuifikisha mpaka upande wetu, Uvira. Siku wakubwa watakapokuja kupima viwanja vya kituo, watakuwa na karatasi zenye mahali pa mizigo, mahali pa magari na mahali pa ofisi. Je, mahali pa meza za wamama patakuwepo kwenye karatasi hiyo? Tusipouliza wakati inachorwa, tutauliza wakati askari anatufukuza. Naomba jambo hili liandikwe kwenye agenda ya mkutano wa mwezi ujao.

Nirudi kwa mama yangu. Bidhaa zilifika salama, zikauzwa, kila mmoja akapata sehemu yake. Siku ya kufunga hesabu jirani yetu alisimama mbele ya wote. Angeweza kukaa kimya. Alisema: "Ndugu zangu, gari lilipoondoka bila mwenzangu, kwanza niliogopa amekanyagwa. Baadaye, pale stesheni, niliwaza amekimbia na pesa zetu. Niliwaza hivyo mpaka nilipomwona. Namwomba msamaha."

Kimya kilichofuata, mama alisema, kilikuwa kirefu kuliko reli. Hakumjibu. Hakuongea naye tangu siku ile mpaka msimu wa mvua, na sisi watoto tulikatazwa kuomba chumvi kwake. Aliona ametukanwa mbele ya watu. Ni nyanya yetu aliyemwita akamuuliza: "Kama wewe ndiye ungebaki na mafurushi, ungewaza nini?" Mama hakuwa na jibu. Usiku huo alibeba sahani ya ndagala na bugali akaenda kwa jirani, wakala pamoja bila kutaja gari la moshi.

Katika kikao kilichofuata wao wawili, kwa pamoja, walileta sheria: pesa za kikundi haziendi kwenye kiuno kimoja. Zikisafiri, zigawanywe kwa watu watatu, na kila mmoja ajue mwingine ana kiasi gani. Kikundi kile kilipokwisha, kwa sababu ya vita vya 1996 vilivyowatawanya watu hata ng'ambo ya ziwa, waliorudi waliileta sheria hiyo katika ushirika wetu huu. Ndiyo ile namba nne kwenye daftari.

Ninajua baadhi ya dada zetu wanataka ifutwe. Wanasema siku hizi pesa ziko kwenye simu, hakuna anayefunga kiunoni. Nimesikiliza, na hoja yao si ya kitoto. Lakini simu ni ya mtu mmoja, namba ya siri anaijua mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kushuka Pugu kama mwingine yeyote. Mimi nitapiga kura ibaki, simu ziwe tatu.

Safari ya ushirika kwenda Dar es Salaam itaondoka baada ya watoto kufunga shule. Wanaotaka kuagiza vitu wamletee mweka hazina majina na pesa zao kabla ya Alhamisi. Wasafiri watatu tutawachagua siku hiyohiyo. Na kama mmoja wao atapita Pugu kwa gari la zamani, asubuhi, namwomba anunue chai pale kituoni na kuwauliza wazee kama wanamkumbuka mama aliyekuwa akipika chai karibu na taa, mwaka 1988.

Tuonane juma lijalo.